Karate kwa mtoto mwenye hasira za karibu: uzoefu wangu

Mzazi ukilalamika kwamba mtoto anapiga wenzake, hukosi wa kukwambia: mpeleke karate, atatulia. Wangu ametulia kweli, ila si kwa mwalimu wa kwanza.

Tulianzia jimu moja ya kickboxing hapa Dar. Vifaa vizuri, glavu mpya, muziki juu. Watoto wanaingia, wanapiga mfuko, wanapambanishwa, wanaondoka. Salamu hakuna. Mtoto akilia, wenzake wanamcheka na mwalimu naye anacheka. Haikupita muda mwanangu akawa anajaribia mateke kwa dada yake, na shuleni nikaitwa kwa sababu amempasua mwenzake mdomo. Nikamtoa.

Sasa yuko darasa la Shotokan, mtindo mmoja wa karate, linalofanyika jioni kwenye ukumbi wa shule. Sakafu ya saruji, joto, feni moja. Ada ni 40,000 kwa mwezi, nguo nyeupe unanunua mwenyewe, na mtihani wa mkanda una malipo yake pembeni, jambo ambalo wangetuambia mapema. Hayo nayavumilia kwa ajili ya mwalimu.

Wanapofanya mazoezi wawili wawili, ngumi lazima isimame kabla haijamgusa mwenzako. Siku moja nimekaa natazama, mwanangu akamgonga mtoto mdogo puani, damu ikatoka. Mwalimu hakufoka. Alisimamisha darasa, akamkalisha kwa magoti awape mgongo wenzake mpaka yule mtoto alipohudumiwa. Kisha akamwambia, "Kupiga unajua. Kusimamisha bado. Mwombe radhi, halafu rudia polepole." Muda wote uliobaki alirudia ngumi ile ile, jasho linamtiririka, mkono unatetemeka kwa kuuzuia. Mimi naamini kinachomtuliza ni hicho, kuuzuia mkono wakati mwili wote unataka kwenda.

Gichin Funakoshi, mwasisi wa Shotokan, aliyetoka kisiwa cha Okinawa kuionyesha karate Tokyo, Japani, mwaka 1922, alifundisha kwamba katika karate hakuna kuanza kushambulia. Watoto hapa wanakariri hilo kila wanapofunga darasa, na asiyelishika hapandishwi mkanda hata awe na mateke makali namna gani.

Nilipotafuta kama ni mwanangu tu, nikakuta utafiti wa Michael Trulson wa Marekani, wa mwaka 1986. Vijana watukutu wa miaka 13 hadi 17 waligawanywa makundi kwa miezi 6. Waliofundishwa taekwondo ya jadi, mchezo wa mapigano wa Korea, pamoja na heshima na kutafakari, ukali wao ulishuka. Waliofundishwa kupigana tu, ukali ulipanda. Vijana wenyewe walikuwa 34 tu, kwa hiyo si neno la mwisho, lakini mimi nimeyaona yote mawili kwa mtoto mmoja.

Shuleni sijaitwa tena. Nyumbani bado anabamiza milango na kunijibu, na akikosa darasa wiki nzima namwona anavyorudi nyuma. Kwa hiyo anayetaka matokeo ya haraka asije.

Kabla hujalipa popote, omba kukaa kipindi kizima. Usihangaike na mateke wala vikombe vilivyopangwa kabatini, subiri mtoto mmoja aumie uone mwalimu anafanya nini. Akicheka, chukua mwanao muondoke.