PostGIS na maumbo yaliyokosekana: uzoefu wangu

Naitumia PostGIS, nyongeza ya hifadhidata ya PostgreSQL inayohifadhi maumbo ya ramani, kwa ramani za viwanja, barabara na visima, na kuna jambo moja ninaloisifu bila kusita: inatenganisha umbo lisilojulikana na umbo lililo tupu. Rekodi yenye NULL inasema "mipaka ya kiwanja hiki hatunayo". Rekodi yenye POLYGON EMPTY inasema "tumeshapiga hesabu, hakuna kilichobaki". Hayo ni majibu mawili, na mfumo unaoyachanganya unakunyima habari. MySQL, hifadhidata nyingine, kwa mfano, haina POINT EMPTY wala POLYGON EMPTY. Umbo tupu pekee inalolikubali ni mkusanyiko usio na kitu ndani. PostGIS inakubali utupu wa kila aina, tena ukiwa na SRID yake, yaani namba ya mfumo wa majira ya ramani.

Ninachoilaumu ni ukimya. Haikwambii kitu. Amri inapita, jedwali linajaa, na kosa linaonekana pale namba zinapokataa kulingana.

Tuanze na eneo. ST_Area ya NULL ni NULL, ila ST_Area ya umbo tupu ni 0. Chukua viwanja 10: vinane vina mita za mraba 400 kila kimoja, kimoja ni NULL, kimoja ni tupu. Ukiomba avg(ST_Area(geom)) utapewa 355.56, kwa sababu NULL imerukwa na sifuri imehesabiwa. count(geom) nayo itasema 9. Ndiyo maana kabla ya hesabu yoyote huwa natanguliza ukaguzi huu:

SELECT count(*) AS jumla,
  count(*) FILTER (WHERE geom IS NULL) AS hazina,
  count(*) FILTER (WHERE ST_IsEmpty(geom)) AS tupu,
  count(*) FILTER (WHERE NOT ST_IsEmpty(geom)) AS nzima
FROM viwanja;

Safu tatu za mwisho zikijumlishwa lazima zifike jumla. Usijaribu kukamata zote kwa ST_IsEmpty peke yake: ukiipa NULL inakurudishia NULL, si kweli wala si uongo, na WHERE inaitupa rekodi hiyo.

Umbali una mtego wake. ST_Distance kati ya kisima na umbo tupu ni NULL, si sifuri. Ukipanga kuanzia karibu huoni tatizo, maana PostgreSQL inaweka NULL mwishoni. Ukigeuza kuwa DESC, NULL zinapanda juu, na LIMIT 10 yako ya "vijiji vilivyo mbali zaidi na maji" inajaa vijiji visivyo na nukta. Andika DESC NULLS LAST, kila mara. Kwa ST_Intersects, inayouliza kama maumbo mawili yanakutana, NULL inatoa NULL na tupu inatoa uongo, kwa hiyo zote mbili zinadondoka kwenye WHERE. ST_Disjoint ni kinyume: umbo tupu halikutani na chochote, basi jibu ni kweli. Orodha ya "viwanja visivyogusa hifadhi ya barabara" itabeba vile vitupu na kuficha vile vya NULL.

Kazi inayoumiza watu zaidi ni kukata. Unataka sehemu ya kila kiwanja iliyo nje ya hifadhi ya barabara:

SELECT v.id,
  ST_Difference(v.geom,
    (SELECT ST_Union(b.geom) FROM hifadhi b
     WHERE ST_Intersects(b.geom, v.geom)))
FROM viwanja v;

Inaonekana safi kabisa. Lakini kiwanja kisichoguswa na barabara yoyote hakipati rekodi hata moja ndani ya mabano, ST_Union (inayounganisha maumbo) inarudisha NULL, na ST_Difference (inayotoa umbo moja kwenye jingine) ikipewa NULL upande wowote inajibu NULL. Matokeo yake viwanja vilivyoguswa vinabaki, na vile vizima, visivyo na mgogoro, ndivyo vinavyopoteza mipaka. Dawa ni kuizungushia nje COALESCE, inayochukua thamani ya kwanza isiyo NULL: COALESCE(ST_Difference(...), v.geom). Kiwanja kisichoguswa kinarudi kama kilivyokuwa, na ambacho tangu mwanzo kilikuwa NULL kinabaki NULL.

Wengine wanapenda kuweka COALESCE ndani, kwa kubadilisha NULL ya ST_Union kuwa umbo tupu. Inafanya kazi, ila ukiandika 'GEOMETRYCOLLECTION EMPTY' tupu tupu, SRID yake ni 0 na utagongwa na kosa la SRID zisizolingana. Kwa data ya UTM (mfumo wa majira unaogawa dunia kwa kanda) kanda 37 kusini, ambayo SRID yake ni 32737, andika ST_GeomFromText('GEOMETRYCOLLECTION EMPTY', 32737).

Kiwanja kilichomezwa chote na hifadhi kitatoka POLYGON EMPTY. Tafadhali usikigeuze kuwa NULL kwa kutaka jedwali lipendeze. Huyo ndiye mwananchi aliyepoteza kiwanja kizima; ukimchanganya na wale ambao hawajapimwa, hutamwona tena kwenye orodha ya fidia.

Wakati wa kuhifadhi, safu ya geometry(MultiPolygon, 32737), yaani ya maumbo yenye poligoni nyingi, inakataa Polygon ya kawaida hata ikiwa tupu. ST_Multi inatatua hilo, na utupu unageuka MULTIPOLYGON EMPTY bila shida. Kama ukataji umeacha mistari na nukta ndani ya mkusanyiko, pitisha kwanza ST_CollectionExtract(geom, 3), inayobakiza poligoni tu.

Kuhusu ulinzi wa jedwali, sharti la CHECK (NOT ST_IsEmpty(geom)) halizuii NULL. Kanuni ya SQL ni kwamba sharti linalojibu NULL limepita. Kama hutaki aina yoyote ya upungufu, weka NOT NULL na CHECK kwa pamoja.

Kuingiza na kutoa data: shp2pgsql, programu ya kuingiza faili za Shapefile, ina swichi ya -N kwa maumbo ya NULL yenye chaguo tatu, insert (ingiza), skip (ruka) na abort (simamisha), na ya kwanza ndiyo inayotumika usipotaja kitu. Kwa data ya kwanza kutoka kwa mteja natumia abort, ili nijue mapema. Shapefile haina namna ya kuandika umbo tupu, ina NULL tu, kwa hiyo ukisafirisha huko tofauti inakufa. Tumia faili ya GeoPackage au ongeza safu ya maandishi ya hali ya umbo. Faili ya GeoJSON inaandika zote mbili, lakini RFC 7946 ya 2016, waraka wa kiwango chake, inamruhusu msomaji kuichukulia orodha tupu ya coordinates kama null.

Kwenye CSV (jedwali la maandishi), ST_MakePoint, inayotengeneza nukta kutoka kwa namba, ikikuta NULL inatoa NULL, na hiyo ni sawa. Ubaya unaanza mtu anapojaza 0 pasipo na namba: nukta zinaenda kurundikana baharini, Ghuba ya Guinea. Unapozisafisha, sharti liwe longitudo na latitudo zote ni 0. Ikweta inapita Kenya, Uganda na Kongo; ukifuta kila latitudo 0 unaweza kufuta kisima halali cha Nanyuki.

Na kwa wanaosafisha ndani ya QGIS, programu ya ramani ya kompyuta: zana ya kuondoa maumbo ya NULL haigusi matupu mpaka uweke alama kwenye chaguo la kuyaondoa nayo.