Benzi la mjomba: nilianza na rimu za inchi 17, nikaishia 15

Mjomba aliponiachia Mercedes-Benz 230E ya mwaka 1983, bodi ya W123, ilikuwa na rimu za chuma za inchi 14 na matairi 195/70 (upana milimita 195, kimo cha ukuta asilimia 70 ya upana huo). Kwa macho ya leo ni kama mtu mzima kavaa ndala za mwanawe. Nikaingiwa na tamaa.

Duka la kwanza, hapa hapa Dar, wakanifungia inchi 17 na matairi 215/45. Muonekano sina la kusema. Hadi bodaboda walikuwa wanasimama kulipiga picha. Kimo cha tairi zima karibu ni kilekile, milimita 625 badala ya 629, kwa hiyo mshale wa spidi haukudanganya. Kilichopungua ni ukuta wa mpira: kutoka milimita 137 hadi 97. Sasa raha ya W123 iko hapo hapo. Hili si gari la kukimbiza kwenye kona, ni gari la kusinzia. Safari ya kwanza ya Morogoro, kila tuta lilinipiga kiunoni, mke wangu akaniuliza kama nimeuza shokapu.

Nikikata usukani mpaka mwisho, tairi linakwangua kwa ndani. Nikipakia watu watatu nyuma, linasugua madigadi. Nikifika spidi 90 usukani unatetemeka. Pale dukani wakasema ni balansi. Nimebalansi mara tatu, nimelipa mara tatu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa mtaa wa Gerezani. Hata hakuiwasha gari. Alipiga jeki, akachomoa rimu, akanionyesha nafasi kati ya habu, kile kitovu cha gari kinachobeba gurudumu, na tundu la katikati ya rimu. Habu ya Benzi hili inataka tundu la milimita 66.6, rimu zangu zilikuwa na tundu pana zaidi na hawakuweka pete za kujazia, kwa hiyo uzito wote ulikuwa unaning'inia kwenye bolti. Na bolti zenyewe si zake. Za Mercedes kitako chake ni cha mviringo kama goroli, nilizofungiwa zilikuwa zimechongoka. "Mwanangu," akaniambia, "umetembea kwa dua za mama yako."

Akanishauri rimu za inchi 15 zilizovuliwa kwenye S-Class ya W126, zile za matundu 15 ambazo Wajerumani wanaziita mfuniko wa chemba. Upana inchi 7 (7J), ofseti 25, yaani uso wa kufungia umesogea milimita 25 kwa nje kutoka katikati ya rimu. Tumezivalisha 195/65 R15, saizi ya Toyota Premio, na hapo ndipo nilipofurahi zaidi, maana 195/70 R14 nilikuwa naisaka duka kwa duka na nikiipata imekaa stoo miaka. (Soma tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni mwa tairi: wiki na mwaka wa kutengenezwa. Usione haya kuinama.) Kimo kimeongezeka chini ya asilimia 1. Miezi minane sasa, halijagusa popote hata likijaa watu, na ulaini umerudi karibu wote. Usukani umekuwa mzito kidogo wakati wa kuegesha, basi.

Jambo moja wauzaji hawalisemi. Rimu hizi za aloi zinataka bolti ndefu kuliko rimu za chuma. Tairi langu la akiba bado ni la chuma, na ukilifunga nyuma kwa bolti ndefu, ncha zinapenya hadi kwenye breki ya mkono iliyojificha ndani ya disiki. Kwa hiyo natembea na bolti fupi 5 kwenye buti, ndani ya soksi. Kukaza ni nyutonmita (Nm) 110 kwa spana ya kipimo; kijana akitaka kuirukia spana kwa miguu, mzuie.

Zile za 17 nimeziuza kwa nusu ya bei. Za chuma, na vifuniko vyake vya rangi ya bodi, ziko chini ya kitanda cha wageni na haziuzwi.