Njia kamili ya mtandao au herufi ya diski: ipi iingie kwenye skripti?

Folda ya pamoja iliyoko kwenye seva inaweza kutajwa kwa namna mbili katika skripti ya Windows ya kujenga programu: njia kamili, \\seva\folda, au herufi iliyounganishwa nayo, tuseme Z:.

Herufi ni fupi, na zana za zamani zinaielewa. Lakini huishi ndani ya kikao (tangu kuingia kwenye kompyuta hadi kutoka) cha mtumiaji aliyeiunganisha, na hapo ndipo penye tatizo kubwa. Huduma inayoendesha ujenzi ina kikao chake, hivyo haiioni Z: hata kidogo. Hata dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi kwa kawaida haliioni. Skripti iliyokubali mezani kwako inagoma kwenye seva, nawe unaambiwa tu kwamba njia haikupatikana.

Njia kamili haitegemei kikao. Inachotaka ni akaunti ya huduma iwe na ruhusa kwenye folda ile. Kasoro yake ni kwamba cmd.exe, programu ya amri ya Windows, haiikubali iwe folda ya kazi, yaani folda ambamo amri hutekelezwa: skripti ikianzishwa kutoka huko, inahamishiwa kwenye folda ya Windows, na amri ya kufuta faili ikifuata, hiyo ni hatari kweli. Tumia amri ya pushd, ambayo huazima herufi kwa muda, kisha popd kuiachia.

Mimi nachagua njia kamili, iwekwe kwenye kigeugeu kimoja (jina linaloshika thamani) mwanzoni mwa skripti ili seva ikibadilika urekebishe mstari mmoja tu. Herufi iachiwe zana isiyokubali kitu kingine, tena iunganishwe ndani ya skripti yenyewe.