Uzoefu wangu: mafunzo ya juu ya pikipiki kwenye kona za Mlima Elgon

Kama unapanda Kapchorwa, huku mashariki mwa Uganda, kwa pikipiki kila wiki na hakuna aliyewahi kukufundisha tairi likanyage wapi barabarani, mafunzo haya yana thamani ya pesa yake. Nasema hivyo kama mtu wa kazi za shambani. Nazunguka Sironko, Bulambuli na Kapchorwa kukagua kahawa ya wakulima, kwa Honda XL 125 ya ofisi, jua na mvua. Ada nililipa mwenyewe, ofisi ilitoa ruhusa tu.

Mkufunzi ni polisi mstaafu aliyewahi kusindikiza misafara ya wakubwa kwa pikipiki. Sote tulimwita Afande. Alifundisha kwa Kiswahili, maana darasani tulikuwa Wagisu, Wasabiny, Wateso na jamaa wa Malaba, mpakani na Kenya, na Kiswahili ndicho alichozoea kutolea amri tangu kambini. Hapokei wanaoanza. Lazima uwe na leseni ya daraja A, na asubuhi ya kwanza anakagua kila pikipiki: upepo wa tairi, mnyororo, klachi, taa. Kijana mmoja wa boda alirudishwa gereji kwa sababu taa yake ya breki haikuwaka. Kuanzia hapo nikajua huyu mzee hafanyi mchezo.

Mfumo wa uendeshaji anaoufundisha ulitoka kwa polisi wa Uingereza, na una hatua tano zinazofuatana: taarifa, nafasi, kasi, gia, mafuta. Kwanza unakusanya habari za barabara, kisha unachagua pa kukaa, unapunguza kasi, unaweka gia inayofaa, ndipo unafungua mafuta utoke. Ukisikia mara ya kwanza unaona ni maneno ya darasani. Lakini angalia wengi wetu tunavyoingia kona: tunafika na kasi yote, breki inakanyagwa katikati ya kona huku pikipiki imelala, na gia inatafutwa wakati mlima umeshatushika. Afande anataka kazi yote hiyo iishe pikipiki ikiwa bado imesimama wima.

Sehemu iliyonifaa zaidi ni ya macho. Kwenye kona, tazama mbele pale ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana. Yeye anapaita mwisho wa macho. Pakikusogelea, kona inakaza, punguza. Pakibaki umbali uleule, kasi yako inatosha. Pakianza kukukimbia, kona inafunguka, unaweza kuongeza mafuta taratibu. Na juu ya hayo kuna kanuni moja asiyoijadili na mtu: uweze kusimama, ukiwa upande wako, ndani ya kipande cha barabara unachokiona kiko wazi. Alituwekea hesabu. Kwa kilomita 60 kwa saa unakula karibu mita 17 kila sekunde, na sekunde nzima inaweza kupita kabla mkono haujaigusa breki. Kasi ikiwa mara mbili, umbali wa kufunga breki unakuwa mara nne. Njia ya kupanda Sipi, migomba imesogea hadi ukingoni, na kuna kona ambazo huoni hata mita 30. Piga hesabu mwenyewe.

Nafasi barabarani ilituchukua muda mrefu na ilizua mabishano. Sisi tunaendesha kushoto kama Waingereza, kwa hiyo kanuni yao inaingia bila kugeuzwa: kona ya kulia unaikaribia ukiwa kushoto mwa njia yako, kona ya kushoto unaikaribia ukiwa kulia, karibu na mstari wa katikati, ili uone mbali zaidi. Jamaa wa Malaba akauliza, "Afande, na basi likikata kona?" Swali la haki. Katika kona yetu ya kushoto, anayeshuka anaikuta ni ya kulia, na madereva wengi wanaikata kwa kuingia upande wetu. Ukikaa pale kwenye mstari ukitafuta kuona mbali, utaliona basi vizuri sana.

Jibu lake ndilo lililonishawishi kwamba anafundisha barabara zetu. Alisema usalama unatangulia, kisha mshiko wa tairi, kisha kuona. Mara moja unaiacha faida ya kuona mbali ikiwa inakuweka mahali pa kugongwa. Kwa hiyo kwenye kona kipofu za kushoto za Kapchorwa tulifundishwa kubaki katikati ya njia yetu, kasi chini, na honi kabla ya kuingia. Kona ya kulia nayo ina mitego yake: ule ukingo wa kushoto una lami iliyolika, changarawe iliyosombwa na mvua, na akina mama wanaotoka sokoni na mizigo kichwani. Huwezi kuukumbatia eti kitabu kimesema.

Kuhusu taarifa, Afande ni hazina. Matawi yaliyotupwa barabarani maana yake lori limekufa mbele. Kinyesi kibichi cha ng'ombe, kundi halijafika mbali. Matope mekundu juu ya lami, kuna njia ya murram, yaani ya udongo isiyo na lami, inayoingia na huenda trekta liko karibu. Watoto wenye sare upande mmoja wa barabara, tazama upande wa pili pia, kwa sababu kuna mwenzao atakayevuka. Mengi ya haya tunayajua, lakini tunayajua tukiwa abiria. Yeye alimfanya kila mmoja aendeshe huku akitamka kwa sauti anachokiona na atakachofanya. Unajisikia mjinga kwa dakika chache, halafu unagundua kuna vitu vingi ulikuwa unavipita bila kuviona.

Mazoezi ya uwanjani yalikuwa ya kawaida, ila moja. Ukiwa kwenye mwendo, sukuma mbele upande wa kushoto wa usukani na pikipiki italala kushoto. Vijana wa boda walikataa katakata hadi walipojaribu wenyewe. Aliyelishika upesi kuliko wote ni muuguzi wa kituo cha afya, sista mmoja mpole anayepeleka chanjo vijijini. Tulipofika kwenye breki alituacha wote nyuma. Kwenye lami unabana ya mbele polepole kisha unaiongezea nguvu, kwa sababu uzito unahamia mbele. Kwenye murram unailegeza hiyo na kuiachia ya nyuma kazi kubwa zaidi.

Hapo ndipo penye lawama yangu ya kwanza. Murram ilipewa alasiri moja tu, na sisi ndiyo maisha yetu. Changarawe inayojilimbikiza katikati ya nyayo za magari, mawimbi yanayotetemesha usukani, udongo wa Elgon ukilowa, hayo yote yalipitiwa mbiombio. Video nazo zilikuwa za Uingereza, zenye ua uliokatwa vizuri na alama za barabarani kila mahali. Tulizitazama kama watalii. Pia hakuna zoezi la kubeba abiria wala mzigo. Boda anayeshusha gunia mbili za kahawa hana breki sawa na mtu aliye peke yake, na pikipiki nyingi za Boxer za huku zina breki za ngoma. Afande aligusia tu kwamba kuzima injini mteremkoni ili kuokoa petroli ni kujitafutia msiba, kwa sababu unapoteza msaada wa injini na breki zinachemka hadi zinalegea. Somo hilo lilistahili saa nzima.

Kingine ni idadi yetu. Mkufunzi mmoja anayefuata kundi kwa nyuma hawezi kuona kila kosa, na kwa kuwa hakuna redio ya masikioni, maelezo ya kona unayapata mkishasimama, wakati kona yenyewe umeshaisahau. Fulana ya kung'aa waliyotugawia ilififia baada ya kufuliwa.

Tangu hapo, kitu kilichobadilika wazi ni malori ya Malaba. Zamani nililifuata trela kwa karibu nikichungulia pembeni nipate kulipita. Sasa nakaa nyuma angalau sekunde mbili, nne kukinyesha, nikiwa mahali dereva ananiona kwenye kioo chake, na nasogea tu nafasi inapoonekana kufunguka. Nisipoona pa kurudia upande wangu, siondoki. Nachelewa kidogo kufika Tororo, na bosi hajalalamika.

Kwa dereva wa mjini Mbale asiyetoka nje, sioni haraka ya kulipa ada hii. Kwa muuguzi, bwana shamba, boda wa masafa au yeyote mwenye njia ya milimani, nenda. Omba kundi dogo na udai siku ya murram kabla hujalipa. Vaa buti za ngozi zenye soli ya kushika, maana gamboti zinateleza kwenye pedali ya breki na Afande atakurudisha nyumbani.