Arabuko-Sokoke au Kakamega: utembee msitu upi?

Kwa wanyama, kila msitu una wake. Arabuko-Sokoke, karibu na Watamu kwenye pwani ya Kenya, damka umtafute sange, mnyama mdogo anayefanana na panya: pua ndefu inapekua majani makavu, mara anachomoka, makalio ya rangi ya dhahabu yaking'aa. Raha yake haielezeki! Kakamega, magharibi mwa Kenya, utainua shingo kuwatazama mbega wakiruka, manyoya meupe yakipepea.

Kutembea je? Sokoke kuna mchanga mwingi na joto kali. Kakamega kuna kivuli na ubaridi, ila mvua za alasiri ni kawaida na njia huteleza.

Kwa historia naipa Sokoke, magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili, yako jirani. Ukiwa tayari pwani, nenda huko. Anayetamani miti mirefu ya msitu wa mvua, Kakamega. Kote kuwili, chukua mwongozaji.