Mahakama ya mwanzo nikiwa mshtakiwa: nyota tatu kati ya tano

Mimi ni fundi cherehani hapa Dar es Salaam. Mwaka 2019 mteja wangu alinishtaki kwamba nimempiga na mkasi tulipogombania gauni la sherehe. Shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu. Mahakama yenyewe sitaitaja jina.

Tuliambiwa tufike saa mbili asubuhi. Hakimu aliingia saa tano kasoro, na katikati hapo hakuna aliyetoka kutuambia neno. Mama mmoja mwenye kichanga alikuwa akihama benchi kila jua linaposogea. Nyota moja imeondoka hapo.

Ya pili imeondoka kwa maneno ya kwenye benchi. "Dada, kubali tu, utapigwa faini uende zako." Watu watatu waliniambia hivyo, mmoja wao mtumishi wa pale pale. Jamani, nawaomba sana, usikubali kosa ambalo hukulitenda eti uwahi nyumbani! Ukisomewa shtaka unaulizwa: ni kweli au si kweli? Kijana aliyenitangulia alijibu, "Ni kweli mheshimiwa, ila yeye ndiye aliyenianza." Hakimu akaweka kalamu chini, akamuuliza upya, polepole, kama anakiri au anakana. Namshukuru hakimu yule, maana angeweza kuandika "ni kweli" akaendelea. Mimi nilisema si kweli, basi.

Kwenye dhamana nilitakiwa wadhamini wawili wenye barua za serikali ya mtaa na nakala za vitambulisho vya taifa (NIDA). Shangazi yangu alikuwa navyo vyote. Barua ya jirani, mdhamini wangu wa pili, ilikuwa na picha yake, imesainiwa vizuri, lakini muhuri haukugusa picha. Akarudishwa. Mpaka aende na kurudi ilishafika saa tisa, na muda wote huo nilikuwa mahabusu, sina hata kiatu. Karani angeweza kufunga faili akaniacha nikalale rumande. Alisubiri. Nyota moja ni yake peke yake.

Tarehe ya pili mlalamikaji hakutokea, kesi ikaahirishwa. Ya tatu ndiyo ikasikilizwa. Alipomaliza ushahidi wake nikaambiwa nimuulize maswali, nami nikaanza kusimulia yaliyotokea dukani. "Uliza swali, mshtakiwa. Zamu yako ya kujieleza inakuja." Nilirekebishwa hivyo mara mbili, na mzee wa baraza mmoja, wale waliokaa na hakimu kusikiliza kesi, akanionyesha kwa mkono nitulie. Nikavuta pumzi, nikaomba kuiona PF3, ile fomu ya polisi inayojazwa hospitali kuhusu majeraha. Nikamuuliza: siku ya ugomvi ilikuwa lini? Akasema Jumamosi. Na hospitali ulikwenda lini? Kimya. Fomu ilikuwa imejazwa Jumatano. Swali hilo niliandika usiku wa kuamkia kesi nyuma ya karatasi ya vipimo, na ndilo lililonisaidia kuliko hotuba yote niliyokuwa nimeikariri. Kwa hiyo andikeni maswali, mawili matatu mafupi.

Nyota mbili zilizobaki ni za hakimu na wazee wake, kwa kunisikiliza mpaka mwisho mimi nisiye na wakili, kwa Kiswahili nilichokielewa neno kwa neno.

Niliachiwa huru. Nakala ya hukumu niliiomba siku hiyo hiyo, maana asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya, na mlalamikaji wangu naye alikuwa nazo. Nilizihesabu kwenye kalenda ya dukani, moja moja.