Kahawa iko Masaka, dhamana iko ng'ambo: kampuni ya kliaringi niliyoishia kuiamini

Ukitaja kliaringi hapa Kampala, watu wanadhani unatoa kontena Mombasa. Mimi nazungumzia kampuni inayoshika dhamana yako unapofanya biashara ya fyucha (mikataba ya kuuza au kununua baadaye kwa bei iliyokubaliwa sasa) na kukusimamia mbele ya soko.

Nanunua kiboko (kahawa kavu isiyokobolewa) Masaka, nakoboa, nauzia wasafirishaji. Bei ya soko la London ikianguka kahawa ikiwa bado stoo, naumia mimi. Kwa hiyo nauza fyucha za robusta kujikinga: bei ikishuka zinanilipa, ikipanda nalipa mimi. Mkataba mmoja ni tani 10, hivyo tani zangu 40 ni mikataba 4.

Mara ya kwanza niliangalia kamisheni tu, nikakosea. Dalali alikuwa mwepesi wa simu mpaka nilipoomba dola 500 zangu. Siku 19 za "kesho, bosi". Nilipomuuliza ni kampuni gani hasa imeshika pesa zangu, hakuwa na jibu la maana. Ndipo nilipoelewa kwamba dalali anayekupokea si lazima awe ndiye anayeshika fedha, na anayeshika fedha ndiye wa kuchunguzwa.

Kabla ya kuchagua tena nilisoma habari za Peregrine, kampuni ya fyucha ya Iowa, Marekani. Mwenyewe, Russell Wasendorf, alighushi taarifa za benki kwa karibu miaka 20. Wakaguzi walipoiandikia benki kuuliza salio, barua zilienda kwenye sanduku la posta alilolikodi yeye, akazijibu mwenyewe! Julai 2012 kampuni ikaanguka, na zaidi ya dola milioni 200 za wateja hazikuonekana. Tangu nisome hayo, taarifa ya salio ninayotumiwa na kampuni yenyewe hainitoshi.

Kampuni niliyo nayo sasa ni ya Marekani. Niliitafuta kwenye rejista ya NFA, chombo kinachosimamia kampuni za fyucha Marekani, ambayo ni bure mtandaoni na inaonyesha adhabu za nyuma. Ilikuwa na faini moja ya zamani. Nilipouliza, walinieleza bila kuzungukazunguka. Kisha nikafungua hesabu za kampuni hizo ambazo CFTC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia fyucha, huzitoa kila mwezi, nikalinganisha mtaji wao na ule wanaotakiwa na sheria kuwa nao. Fedha za wateja lazima zitengwe na za kampuni, lakini jamani, akaunti ya fyucha haina bima kama amana ya benki. Niliweka kidogo, nikatoa dola 300 kwa majaribio. Zilifika siku ya tatu.

Kipimo chenyewe kilikuja jioni moja bei ilipopanda dola 100 kwa tani. Mikataba 4, dola 4,000 zimetoka kwenye akaunti, wakati faida ya kahawa iliyo stoo sijaishika mkononi. Walinipigia wenyewe, wakataja kiasi cha kuongeza na saa ya mwisho ya kukituma, wala hawakunifungia mikataba kimyakimya. Benki yangu nayo haitumi dola nje kwa saa moja, kwa hiyo sasa naacha akiba kule.

Kamisheni yao ni kubwa kuliko ya yule wa kwanza, na ada ya kutoa pesa inauma. Msimu ujao nina tani 60, na mikataba yote 6 itapita kwao.